Namba ya Pumzi Inacheza Kiasi Gani? Kupima Uthabiti wa FeNO kwa Watoto Wenye Pumu

Mtoto amepuliza, mashine imeandika 34. Wiki sita zilizopita iliandika 27. Je, pumu imechachamaa, dawa ya kuvuta imesahaulika nyumbani, au ni namba tu imecheza? Huwezi kujibu kama hujui namba hiyo hucheza kiasi gani mtoto akiwa yuleyule, na hali yake ileile. Mwongozo huu ni wa kulitafuta jibu hilo kwa watoto wako na mashine yako.

Tunapima gesi ya nitriki oksidi katika pumzi inayotoka. Mashine huiita FeNO na kuihesabu kwa sehemu kwa bilioni, yaani ppb. Njia za hewa zikivimba kwa mzio, ukuta wake hutoa gesi hii kwa wingi. Mwongozo wa Jumuiya ya Kifua ya Marekani wa 2011 unasema kwa mtoto wa chini ya miaka 12, chini ya 20 ni kiwango cha chini na zaidi ya 35 ni cha juu. Nafasi ya katikati ni nyembamba, kwa hiyo mchezo wa namba chache unatosha kumhamisha mtoto kundi.

Hatua ya 1: Amua unapima uthabiti gani

Mpulizo na mpulizo katika kikao kimoja ni jambo moja. Asubuhi na mchana ni jingine. Leo na wiki ijayo ni jingine kabisa, kwa sababu hapo mwili wenyewe una nafasi ya kubadilika. Andika kabla ya kuanza unataka lipi, maana jibu la moja halifai kwa lingine.

Hatua ya 2: Mwandae mtoto

Omba ridhaa ya mzazi, kisha muulize na mtoto mwenyewe kama yuko tayari. Asile wala kunywa kwa saa moja kabla ya kipimo. Mboga za majani zenye nitrati nyingi hupandisha namba. Andika kama ana mafua, kama ametumia dawa ya kuvuta leo na saa ngapi, na kama kuna anayevuta sigara nyumbani.

Kipimo hiki kitangulie spirometria, yaani kile kipimo cha mapafu cha kupuliza kwa nguvu zote. Mwanzoni nilikosea hapa: watoto walifanya spirometria kati ya kikao cha kwanza na cha pili, na namba za pili zikawa zinashuka. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe kupuliza kwa nguvu hushusha gesi hii kwa muda, na data ya asubuhi nzima ikawa haifai.

Hatua ya 3: Fundisha mpulizo

Hapa ndipo uthabiti unapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe. Mtoto avute hewa kwa mdomo kupitia kichujio cha mashine hadi mapafu yajae, kisha apulize bila kukatisha kwa mwendo wa mililita 50 kwa sekunde. Akipuliza polepole mno, hewa hukaa zaidi kando ya ukuta wa njia za hewa, hubeba gesi nyingi, na namba hupanda. Akipuliza haraka, hushuka. Wa chini ya miaka 12 anahitaji angalau sekunde 4 za mpulizo uliotulia. Wakubwa wanahitaji zaidi ya sekunde 6. Usimbane pua kwa kibanio, kwani gesi ya puani ni nyingi mno na hujikusanya. Ukinzani wa mashine humlazimisha kupuliza kwa shinikizo kidogo, na shinikizo hilo ndilo linaloziba njia ya nyuma ya pua.

Msichana wa miaka saba alikuwa anaanza vizuri, halafu ikifika sekunde ya tatu mashavu yanavimba na mwendo unaruka. Nilimwambia, "Mwanangu, puliza kama unatengeneza povu kubwa la sabuni, ukikazana litapasuka." Mashavu yakatulia. Mpulizo wa nne na wa tano ukakubalika, 22 na 23. Ile mitatu ya mwanzo haikufutwa. Iliandikwa pamoja na sababu yake.

Hatua ya 4: Rudia, bila kuchungulia

Chukua mipulizo miwili inayokubaliana ndani ya asilimia 10, na kati yake acha angalau sekunde 30. Wastani wake ndio jibu la kikao. Baada ya muda uliouchagua, rudia yote, na anayepima mara ya pili asione namba ya kwanza. Akiiona, ataendelea kumpulizisha mtoto mpaka zifanane.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme watoto watano, katika vikao viwili vya siku moja, wamepata 18 na 20, 34 na 31, 12 na 12, 47 na 52, 25 na 24. (Watano ni kwa mfano tu, kazi halisi inataka makumi.) Tofauti zao ni 2, 3, 0, 5 na 1. Zipige kipeo cha pili, zijumlishe: 39. Gawa kwa mara mbili ya idadi ya watoto, yaani 10, upate 3.9. Kipeuo chake cha pili ni karibu 2. Zidisha kwa 2.77: karibu 5.5 ppb. Hicho ndicho kiasi ambacho tofauti ya vipimo viwili haitarajiwi kukivuka, isipokuwa mara 5 katika 100.

Lakini tazama: katika ile 39, jozi ya 47 na 52 peke yake imeleta 25. Namba kubwa hucheza zaidi. Ndiyo maana napendelea kurudia hesabu kwa logarithimu, na hapa jibu linatoka karibu asilimia 17.

Usiridhike na uwiano mzuri kati ya vikao viwili, yaani namba kupanda na kushuka pamoja. Mashine inayomwongezea kila mtoto 10 katika kikao cha pili ingepata uwiano kamili, na bado ingekupotosha.

Hatua ya 6: Hesabu walioshindwa

Taja wangapi walijaribu na wangapi hawakupata mpulizo hata mmoja. Ukiwaondoa kimyakimya wadogo wa miaka mitano na sita, uthabiti utapendeza kwenye karatasi na kumwacha nje mtoto aliyekuhitaji zaidi.

Hatua ya 7: Rudi kwa mtoto

Kutoka 27 hadi 34 ni ongezeko la 7, karibu asilimia 26. Limevuka 5.5 yetu, lakini hiyo ilikuwa ya siku moja, na hivi ni vipimo vya wiki sita. Ule mwongozo wa 2011, kwa namba zilizo chini ya 50, unataka badiliko la zaidi ya 10 kati ya ziara na ziara. Kwa hiyo dozi siigusi bado. Namuuliza mama kuhusu mafua na jinsi dawa inavyovutwa, namwomba mtoto anionyeshe mwenyewe anavyoivuta, kisha nawapa siku ya kurudi kupuliza tena.