Kuuchunguza Mlima Kabla Haujaporomoka: Mwongozo kwa Mitaa ya Miteremkoni Mbeya

Mwezi Aprili 2024 sehemu ya mlima Kawetere iliporomoka katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, na tope likafukia nyumba. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolewa kwa mkoa au ukanda mzima. Mteremko ulio nyuma ya nyumba zenu hamna budi kuuchunguza ninyi wenyewe.

Anzeni kupima mvua msimu unapoingia, mwezi Novemba. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na mapaa na miti, pamoja na rula, vinatosha, kwa kuwa kina cha milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Pimeni kila siku saa 3 asubuhi, andikeni daftarini, kisha mwageni maji. Jumlisheni pia siku zilizotangulia: udongo ulioshiba maji huwa mzito na hupoteza mshikamano, hivyo manyunyu ya siku ya tano yanaweza kuangusha kile ambacho mvua kubwa ya siku ya kwanza haikukitikisa.

Ufa mpya ukionekana mteremkoni, pigilieni kigingi kila upande na mpime umbali kati yake asubuhi na jioni. Angalieni pia miti inayoanza kuinama na milango inayokwama ghafla. Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni kijito kupungua ilhali mvua inaendelea, kwani huenda kimezibwa huko juu na maji yatashuka kwa mkupuo.

Mitaa mingi hukwama katika kungoja ruhusa ya kuwatoa watu. Kwa hiyo mkutano wa mtaa uamue mapema, na muhtasari uonyeshe, ni nani atakayepuliza filimbi usiku bila kumwuliza mwenyekiti kwanza, na ni nani atakayeshika nafasi ya mpuliza filimbi huyo akisafiri. Kundi la WhatsApp lisitegemewe peke yake. Halimwamshi mtu ambaye simu yake imeisha chaji. Kila mzee, mgonjwa na mjamzito awe na jirani aliyekubali kumsindikiza, kupitia njia inayokwepa bonde la kijito. Wakati watu wanatoka, mmoja apige 114, namba ya Zimamoto.

Zoezi la kwanza lifanyike mchana. La pili lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa, maana hapo ndipo mtakapogundua ufunguo wa geti la uani hukaa kwa nani.