Boti ya mtumba, ikute mashine imepoa

Jamani mnaotafuta boti ya mkono wa pili huko Nungwi au Mkokotoni, mwambieni mwenyewe asiiwashe mashine (injini ya kufunga nyuma ya boti) mpaka mfike, mana mashine ya moto inaficha mengi. Ukifika iguse kichwani, ikiwa ina joto ujue keshaipasha, subiri ipoe.

Kabla ya kuwasha anza na oili ya gia, mimi hii naiamini kuliko zote. Kwenye boksi la gia, kule chini karibu na pangaboi, legeza skrubu ya chini kidogo tu, ya juu usiiguse, idondokee kwenye kitambaa cheupe. Maji yanakaa chini kwahiyo yakiwemo yatatangulia, na oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa basi sili (mipira ya kuzuia maji) zimekufa maji ya chumvi yanaingia, ukiona na vipande vya chuma vinang'aa hapo gia zinasagika, ondoka tu hata akushushie bei.

Ikiwaka (iwe ndani ya maji, nchi kavu utaiua impela, ile ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine) tazama mchirizi wa maji wa pembeni, utoke kwa nguvu bila kukatika. Ukidhoofika ni impela imekwisha au chumvi imeziba njia. Fundi apime na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, vipimo vya silinda vikaribiane, vikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi kuna tatizo.

Na tezini pale inapofungwa mashine pagonge kwa mpini wa bisibisi, pakilia butu ubao ndani ya faiba umeoza, na kuutengeneza ni pesa nyingi wallahi.