Baskeli ya resi kwa bei ya wastani: kagua haya kabla hujatoa pesa

Kwa mwenye bajeti ya wastani Unguja au Pemba, mtumba wa Ulaya au Japani mara nyingi hushinda baskeli mpya ya bei hiyo hiyo. Ila usichague kwa jina lililoandikwa kwenye bomba la fremu. Chagua kwa mambo mawili: vipuri vyake vinapatikana, na chumvi imeila kiasi gani.

Anza na mipira. Soma namba zilizochapwa ubavuni. Unayoitaka ni 622, yaani kipenyo kwa milimita pale mpira unapokaa kwenye rimu. Kwa mfano 28-622 (28 ni upana wa mpira kwa milimita), ambayo pia huandikwa 700x28C. Usidanganyike na mpira wa inchi "28" wa baskeli za mizigo aina ya Phoenix: ule ni 635, umezidi milimita 13, na hautakaa kwenye rimu yako hata fundi afanyeje. Baskeli za resi za zamani za inchi "27" ni 630, na mpira wake utautafuta mpaka uchoke. Hizo ziache, isipokuwa mipira ya breki ina nafasi ya kushuka milimita 4. Hapo unaweza kufunga rimu za 622. Mipira inayogandishwa kwa gundi usiiguse kabisa.

Angalia pia nafasi kati ya mpira na fremu. Fremu inayopokea mpira wa milimita 23 tu itakutesa kwenye matuta na kila ukitoka lami kuingia njia ya mawe. Tafuta inayopokea 28, na ukipata 32 ni bora zaidi. Vali zake mara nyingi ni zile nyembamba ambazo pampu ya kawaida haizishiki, kwa hivyo nunua kiunganishi chake siku hiyo hiyo.

Kipimo cha mwili hakina mjadala. Simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu, pima kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya kitabu, kisha zidisha kwa 0.66. Mwenye sentimita 80 anahitaji fremu ya 53 hivi, ikipimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi katikati ya bomba la juu. Fremu ndogo kidogo inarekebishika kwa kupandisha kiti. Kubwa haina dawa.

Sasa chumvi, na hapa usione haya kumchelewesha muuzaji. Beba sumaku ndogo: ikinata, fremu ni ya chuma, isiponata, ni alumini au kaboni. Ya chuma, chomoa nguzo ya kiti, igeuze fremu juu chini na uigonge kwa kiganja. Vikidondoka vipande vyekundu, imeoza ndani, na rangi nzuri ya nje haina maana. Ya alumini, tafuta unga mweupe na rangi iliyovimba karibu na skrubu. Nguzo ya kiti lazima itembee; ikiwa imeganda, muuzaji aitoe mwenyewe kabla ya malipo, maana kuilazimisha kunaweza kupasua fremu. Kaboni ya mtumba hatuishauri: ufa unaweza kujificha chini ya rangi, na foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikikatika utaanguka kifudifudi.

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na kichwa cha sukani. Rangi iliyojikunja hapo ni alama ya baskeli iliyogonga kwa mbele. Iache.

Magurudumu yanyanyue uyazungushe, ukitazama pengo kati ya rimu na mpira wa breki. Likicheza zaidi ya milimita 3, spoku zimelegea au rimu imepinda. Weka rula ubavuni mwa rimu: ikiwa pamebonyea, breki zimeshaila na inaweza kupasuka kwa upepo wa mpira. Kisha shika breki ya mbele, sukuma baskeli mbele na nyuma. Mgongano kwenye kichwa cha sukani ni beringi iliyolegea au kuisha. Shika mikono ya pedeli uitikise kushoto na kulia, haitakiwi kucheza.

Mnyororo mpya, vipande 24 kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8. Ukifika 306.4 ubadilishwe. Ukivuka 307.8, meno ya nyuma nayo pengine yamekwisha, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Hesabu gharama hiyo unapopatana bei.

Gia za nyuma 8 au 9 ndizo za kuchukua. Katika vipuri vya kampuni ya Shimano ni aina ya Claris (gia 8) na Sora (gia 9). Mnyororo wa gia 8 unafaa hata gia 6 na 7, na bei yake ni nafuu kuliko wa gia 11. Kishikio cha gia kikienda bure bila kushika, mara nyingi ni grisi ya ndani imeganda, na dawa ya kupuliza huweza kukirudisha, lakini wewe lipa bei ya kishikio kibovu. Breki za sahani zinazotumia mafuta ziache kama fundi wako hana vifaa vyake. Za waya zinatosha.

Pemba, kati ya Chake na Wete, vilima ni vifupi na vikali: mbele taka gia mbili za meno 50 na 34, nyuma gia kubwa iwe na meno 28 hadi 32. Meno 52 na 42 ya zamani yataumiza magoti. Unguja ni tambarare zaidi, ila ukitoka mjini kwenda Paje wakati wa kusi, upepo ndio kilima chako, na meno hayo hayo yatakufaa.

Kabla ya kuijaribu, jua breki ipi ni ipi. Za Japani na Uingereza kwa kawaida breki ya mbele ipo mkono wa kulia, za nchi nyingi za Ulaya bara ipo kushoto. Wengi hurushwa juu ya sukani kwa kutojua hili.

Usimalize pesa zote dukani. Ukiwa na shilingi 600,000, baskeli isizidi 450,000. Zilizobaki ni za mipira, mnyororo, waya za breki na grisi. Dai risiti yenye namba iliyochongwa chini ya fremu, penye ekseli ya pedeli. Ukifika nyumbani, paka grisi nguzo ya kiti na kila skrubu, na baada ya kila safari ya pwani ioshe kwa maji baridi ya bomba, ikaushe, ndipo utie mafuta mnyororo.