Kabla ya kumpeleka mtoto CT ya sinasi

Mtoto aliye kwenye kemo (dawa za saratani) akipata homa, CT, yaani eksirei ya kompyuta, ya sinasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) si ya kukimbilia. Joto likifika 38.3 mara moja, au likikaa 38.0 kwa saa nzima, antibiotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja bila kungoja majibu ya chembe nyeupe. Damu ya kuoteshwa maabara ili kutafuta vijidudu ichukuliwe kwanza, ilimradi isicheleweshe dawa.

Sinasi huja kuzungumzwa homa ikifika saa 96 na antibiotiki haijafua dafu, neutrofili (chembe nyeupe za kupambana na vijidudu) bado ziko chini ya 500 kwa mikrolita, hasa kwa mwenye AML au ALL iliyorudi (zote ni saratani za damu), au aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine. Hapo tunaogopa fangasi. Miongozo ya kimataifa inashauri CT ya mapafu kwa watoto hawa. Ya sinasi isipigwe kwa mazoea ikiwa usoni hakuna dalili. Nami naona ni sawa. Mtoto mwenye mafua ya kawaida tu, ukimpiga picha, mara nyingi utakuta utando umevimba, na picha haisemi kama ni fangasi au ni mafua. Kwa mdogo zaidi, sinasi za paji la uso hata hazijaumbika.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, chukua tochi. Angalia kaakaa kama kuna doa jeusi au la kijivu, na puani kama kuna gamba jeusi au damu. Jicho limetokeza? Shavu linauma likiguswa, au limekufa ganzi? Muulize na mama, yeye ndiye atakayekwambia, “Daktari, shavu hili jana halikuwa hivi.” Rudia kila siku, maana asiye na neutrofili hatoi usaha wa kukushtua.

Dalili moja ikijitokeza, usingoje kesho: aitwe daktari wa masikio, pua na koo, na CT ipigwe. Jicho au ubongo ukitiliwa shaka, MRI (picha ya sumaku) huona vizuri zaidi. Uthibitisho hutoka kwenye kinyama kitakachokatwa kupimwa, kwa hiyo chembe sahani (za kugandisha damu) zipimwe mapema na damu iandaliwe.

Mdogo asiyetulia atahitaji dawa ya usingizi: chakula kikome saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Kama mapafu nayo yanapigwa, omba yote yafanyike kwa usingizi mmoja.