Dume kwa jike? Kupanga jinsia kabla ya kupandikiza seli shina kwa panya

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara hapa Nairobi anayejiandaa kupandikiza seli za uboho, ambamo mna seli shina zinazozaa damu, kwa panya wa maabara wa ukoo wa C57BL/6. Nachukulia kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na cha kamati ya maadili ya wanyama unavyo. Jinsia za panya ziwe zimetajwa humo tangu mwanzo. Ukizibadilisha katikati, utarudi foleni.

Hatua ya 1: Chagua jozi

Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Panya wa ukoo mmoja wamefanana jeni karibu zote, basi watu hudhani kinga ya mpokeaji haitaona mgeni. Mwaka 1955 Eichwald na Silmser walionyesha vingine: ngozi ya dume ikibandikwa kwa jike wa ukoo uleule hukataliwa. Chanzo ni protini za kromosomu Y, ziitwazo antijeni H-Y. Jike hana protini hizo mwilini, kwa hiyo seli T zake, yaani seli za kinga, huzishambulia. Majike wa C57BL/6 ni wakali mno kwa jambo hili. Majike wa ukoo wa C3H ni wavumilivu zaidi.

Nikitaja mtoaji kwanza kisha mpokeaji: dume kwa dume, jike kwa jike na jike kwa dume hazina tatizo hilo. Dume kwa jike ndiyo jozi ya kuogopa, hasa kama mionzi anayopigwa mpokeaji kabla ya kupandikizwa ni midogo, isiyoua kinga yake yote. Damu ya mtoaji huonekana, kisha hufifia, nawe unaandika kwamba seli zilikuwa dhaifu. Seli hazikuwa na kosa.

Wapo wanaoipenda jozi hiyo kwa sababu kromosomu Y ni alama rahisi ya kufuatilia seli za mtoaji. Mimi naona ni kujitafutia balaa. Tumia watoaji wenye CD45.1 na wapokeaji wenye CD45.2, aina mbili za protini ya juu ya seli nyeupe za damu, alama inayosomeka kwenye tone la damu.

Hatua ya 2: Hakikisha jinsia

Kwa panya hai, linganisha umbali kati ya mkundu na sehemu za siri. Wa dume ni mrefu zaidi. Kwa seli zilizogandishwa, pima jeni ya Sry, iliyo kwenye kromosomu Y, kwa PCR (kipimo cha kunakili DNA). Lebo ya chupa si ushahidi.

Hatua ya 3: Zingatia homoni

Mwaka 2014 Nakada, Morrison na wenzao walionyesha kwamba seli shina za damu za panya jike hugawanyika mara nyingi zaidi kuliko za dume, kwa msukumo wa estrojeni, na mimba huzidisha hali hiyo. Basi usichukue uboho wa jike mwenye mimba ukauchanganya na wa wengine. Mzunguko wa jike huchukua siku 4 hadi 5. Sioni haja ya kuupima kila mara, mradi umegawa makundi kwa bahati nasibu.

Misuli nayo ina yake: mwaka 2007 Deasy, Huard na wenzao waliripoti kwamba seli shina za misuli kutoka kwa majike hujenga nyuzi nyingi zaidi kuliko za madume.

Hatua ya 4: Panga vizimba

Madume waliokomaa wa uzao tofauti usiwaweke pamoja. Watapigana, na baada ya mionzi jeraha dogo ni mlango wa maambukizi. Maabara nyingi hutumia majike pekee kwa sababu hiyo. Ni urahisi tu, si sayansi.

Hatua ya 5: Pandikiza

Idadi ya seli iwe ileile kwa kila mpokeaji. Kila kikao cha mionzi kiwe na jinsia zote mbili. Ukiwapiga mionzi madume Jumatatu na majike Alhamisi, hutajua tofauti imeletwa na nini.

Hatua ya 6: Pima na uchambue

Pima damu kila baada ya wiki nne hadi wiki ya 16; kabla ya wiki ya 16 huenda unaona kazi ya seli za muda mfupi. Kwenye jedwali weka safu mbili: jinsia ya mtoaji na jinsia ya mpokeaji. Safu moja iliyoandikwa "jinsia" haitoshi.