Namna ya kusoma namba za safari za Space Shuttle na kupanga orodha isiyokosea

Anayepanga orodha ya safari za Space Shuttle, vyombo vya anga vya Marekani vilivyokwenda na kurudi, kwa mara ya kwanza hukwama palepale: baada ya STS-9 (STS ni kifupi cha Space Transportation System, jina rasmi la mradi) inakuja STS-41-B, halafu mwaka 1988 inaibuka STS-26. Wengi hudhani kuna safari zilizopotea katikati, au hazikutangazwa. Hakuna iliyopotea. Namba ya safari ilitolewa wakati wa kupanga, mara nyingi mwaka mzima au zaidi kabla ya kuruka, na haikubadilishwa ratiba ilipovurugika. Kwa hiyo ni jina tu. Ukiifanya hesabu, orodha yako itaharibika.

Chora jedwali la safu nne: jina la safari, tarehe ya kuruka, chombo, na hiyo ni safari ya ngapi ya chombo hicho. Panga kwa tarehe. Kompyuta ikipanga kwa jina, itakuletea 51-B kabla ya 51-D, na hapo tayari umekosea: 51-D iliruka tarehe 12 Aprili 1985, na 51-B ikafuata tarehe 29.

Namba zenye herufi (1984 hadi 1986)

Chukua 41-G. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani: 4 ni 1984, 5 ni 1985, 6 ni 1986. Mwaka huo huanza tarehe 1 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Tarakimu ya pili ni kituo cha kurushia: 1 ni Kennedy kule Florida, 2 ni Vandenberg kule California. Herufi ni nafasi ya safari katika mpango wa mwaka huo.

Safari zote zilizoruka zina 1, kwa sababu Vandenberg haikuwahi kurusha Space Shuttle. Iliyokuwa ya kwanza kupangwa kutoka huko ni 62-A, chini ya Robert Crippen, na ilifutwa baada ya ajali ya chombo cha Challenger ya Januari 1986. Ukiikuta kwenye orodha ya mtu kama safari iliyofanyika, usiendelee kuiamini orodha hiyo.

Makosa ya eneo hili ni manne. La kwanza ni kukisia tarehe kutokana na tarakimu. 41-G iliruka tarehe 5 Oktoba 1984, 51-J tarehe 3 Oktoba 1985, na 51-L, ile ya ajali ya Challenger, tarehe 28 Januari 1986, siku 16 baada ya 61-C. Zote tatu ziliruka mwaka wa fedha mwingine kuliko ule ulioandikwa kwenye majina yao. La pili ni kujaza mapengo: 41-E, 41-F, 51-E na 51-H hazikuruka, basi ziache. La tatu ni kuhesabu STS-9 mara mbili, maana katika mfumo mpya ilipewa pia jina 41-A. La nne ni kutafuta STS-10. Ilifutwa, na safari iliyofuata STS-9 ni 41-B ya Februari 1984.

Inasemekana mfumo huu ulipendwa pia kwa kuwa uliepusha STS-13, kumbukumbu ya Apollo 13, safari ya mwezini iliyonusurika kwa shida mwaka 1970, ikiwa bado mbichi. Iliyokuwa iitwe hivyo ikawa 41-C, iliyotengeneza setilaiti ya Solar Max angani, ikatua salama tarehe 13 Aprili 1984. Siku ya Ijumaa, kwa wanaojali mambo hayo.

Zenye herufi zilizoruka ni 16. Ziongeze kwenye 9 za mwanzo upate 25, ndiyo maana Discovery iliporejesha safari tarehe 29 Septemba 1988 ilianza na STS-26.

Kuanzia STS-26

Hapa safari zote za namba 26 hadi 135 ziliruka, hakuna namba iliyokosekana, ila si kwa mpangilio. STS-29 na STS-30 zilitangulia STS-28 mwaka 1989. STS-107 iliahirishwa mara kadhaa hadi tarehe 16 Januari 2003, baada ya STS-113, hivyo safari ya mwisho ya Columbia ni ya 113 kwa hesabu halisi, na STS-113 yenyewe ni ya 112. Usiandike kamwe "safari ya 107" kwa sababu tu jina linasema hivyo.

STS-83 na STS-94 zinachanganya zaidi: chombo kilekile, Columbia, na wanaanga walewale, Aprili na Julai 1997. Ya kwanza ilikatizwa kwa hitilafu ya seli ya mafuta inayozalisha umeme, kazi ikarudiwa. Ni safari mbili. STS-400, kinyume chake, ni ya uokoaji iliyoandaliwa endapo wanaanga wa STS-125 wangekwama kwenye darubini ya Hubble mwaka 2009, haikuruka.

Kuhakiki

Jumlisha kwa chombo: Columbia 28, Challenger 10, Discovery 39, Atlantis 33, Endeavour 25. Lazima upate 135. Usipopata, anza na Challenger kwa kuwa orodha yake ni fupi: STS-6, 7, 8, 41-B, 41-C, 41-G, 51-B, 51-F, 61-A, 51-L. Enterprise, chombo cha majaribio, haimo. Ilirushwa angahewani tu mwaka 1977, ikafunguliwa kutoka mgongoni mwa Boeing 747, haikufika anga za juu. Buran, chombo cha Wasovieti kilichofanana na Space Shuttle, nayo haimo; ilifika huko tarehe 15 Novemba 1988, ila bila mtu ndani.

Tarehe nayo ina mtego. STS-128 iliruka Florida saa 5:59 usiku wa tarehe 28 Agosti 2009. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 12:59 asubuhi ya tarehe 29. Chagua saa moja, iandike juu ya jedwali, ushikamane nayo. Saa ya kimataifa ndiyo inayosumbua kidogo zaidi.

Dragon

Kwa kapsuli za Dragon za kampuni ya SpaceX, namba ya Crew-2 au Crew-8 inahesabu zamu za NASA za kwenda kituo cha anga, na haitaji kapsuli. Safari za kibinafsi zina majina yake. Fuata namba ya kiwanda: C206, iitwayo Endeavour, hadi 2024 ilibeba Demo-2 (2020), Crew-2 (2021), Ax-1 ya kibinafsi (2022), Crew-6 (2023) na Crew-8 (2024). Jina hilo ni la chombo cha Space Shuttle pia, na la moduli ya Apollo 15, kwa hiyo kwenye safu ya chombo andika C206 au OV-105, namba ya Endeavour ya Space Shuttle. Neno "Endeavour" peke yake halitoshi.