Parody, satire au travesty? Namna ya kuchagua neno la Kiingereza la kuiga kwa dhihaka

Kiingereza kina maneno mengi ya kuiga kwa dhihaka na ya kutia chumvi, na kamusi nyingi huyafasiri kwa kuzungushana: parody ni dhihaka, lampoon ni dhihaka, travesty nayo dhihaka. Anayechagua kwa kukisia huishia kutukana mahali alipotaka kusifu. Njia ya uhakika ni kuacha kwanza suala la ukali wa kicheko na kuuliza: ni kitu gani hasa kinachoigwa?

Ikiwa kinachoigwa ni kazi fulani au mtindo wake, yaani shairi, wimbo, filamu au namna mtu anavyoandika, neno lako ni parody. Parody huazima mizani, mpangilio na hata maneno ya kazi ambayo hadhira inaijua, kisha huyageuza. Kipimo chake ni rahisi. Mfikirie msomaji ambaye hajawahi kukutana na kazi ya asili: akibaki anashangaa kichekesho kiko wapi, umeshika parody. Akicheka vilevile, huenda ulicho nacho ni satire.

Satire hailazimiki kuiga chochote. Shabaha yake ni tabia, utawala, unafiki au ujinga wa watu walio hai katika jamii. Maneno haya mawili yanaweza kukutana katika kazi moja, na hapo ndipo wengi huteleza. Chukua A Modest Proposal ya Jonathan Swift ya mwaka 1729, inayopendekeza watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wawe kitoweo cha matajiri. Sauti yake tulivu, yenye mahesabu, ni parody ya vijitabu vya mapendekezo ya uchumi vya wakati ule. Lakini anayepigwa si mwandishi wa vijitabu peke yake. Ni wenye mali na watawala walioiacha nchi ife njaa. Kwa hiyo kazi yote tunaiita satire, na parody ni chombo chake. Ukiandika uhakiki, taja yote mawili kwa mpangilio huo: "a satire that works through parody".

Tofauti hii ina uzito hata mahakamani. Mwaka 1994, katika kesi ya Campbell v. Acuff-Rose Music, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba parody inahitaji kuiga kazi ya asili ili ifikishe hoja yake, ilhali satire inaweza kusimama yenyewe, kwa hiyo inapaswa kutoa sababu ya kuazima kazi ya mtu. Nchini Uingereza, kinga iliyoongezwa kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 2014 inataja caricature, parody na pastiche; satire haimo. Anayeandika maelezo ya kazi yake kwa ajili ya mchapishaji au wakili asichukulie maneno haya kuwa yanabadilishana.

Pastiche huiga bila kucheka. Riwaya mpya iliyoandikwa kwa mtindo wa karne iliyopita kwa heshima ni pastiche. Angalia tu muktadha, kwa sababu mhakiki mwenye hasira hulitumia neno hilohilo kumaanisha kazi ya kuokotezaokoteza.

Ikiwa kinachoigwa ni sura au tabia ya mtu, tumia caricature. Asili yake ni kitenzi cha Kiitalia caricare, kupakia mzigo, na maana hiyo bado inaonekana: mchoraji huchagua sifa moja au mbili, pua au kidevu, akazilemeza, huku nyingine akiziacha kama zilivyo ili mtu atambulike. Ukikuza kila kitu unapata zimwi lisilofanana na yeyote. Katika uhakiki wa riwaya neno hili ni lawama: "the judge is a caricature" ina maana kwamba mhusika ni bapa, hana undani.

Burlesque na travesty ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko zote. Katika fasihi, burlesque hujengwa juu ya pengo kati ya jambo na lugha inayolibeba. Ukilishusha jambo kubwa kwa lugha ya mitaani, unapata travesty, kama alivyofanya Mfaransa Paul Scarron alipoanza mwaka 1648 kuuandika upya utenzi wa Virgil kwa mizaha. Ukikipandisha kijambo kidogo kwa lugha ya kishujaa, unapata mock-heroic. Alexander Pope alifanya hivyo mwaka 1712 katika The Rape of the Lock, utenzi mzima kuhusu shungi la nywele lililokatwa. Shida ni kwamba maana hizi zimebaki kwa wasomi. Msomaji wa kawaida, hasa wa Marekani, akiona burlesque huwaza onyesho la jukwaani la kuvua nguo. Na travesty siku hizi haina kicheko kabisa: "a travesty of justice" ni shutuma kali, haki iliyogeuzwa kituko. Ukisema "the play is a travesty" ukidhani unasifu mzaha wake, umesema mchezo huo ni aibu. Wala travesty si tragedy. Msiba wa kweli usiuite travesty.

Lampoon ni shambulio la wazi kwa mtu au taasisi, lenye uchungu, na mlengwa hujulikana. Spoof na send-up ni za upole na za mazungumzo. Zinafaa kwa filamu inayotania filamu za kijasusi, hazifai katika tasnifu. Spoof ina maana ya pili katika kompyuta, yaani kughushi utambulisho, hivyo "a spoof email" inaweza kuwa ulaghai mtupu.

Kwa vitenzi: imitate haiegemei upande wowote. Mimic ni kuiga sauti na ishara, mara nyingi kwa kutania, na huongezwa k: mimicked, mimicking. Ape ni kuiga kipumbavu bila kuelewa. Impersonate ni kujifanya fulani, iwe kwa kuburudisha au kwa kudanganya, kwa hiyo muktadha lazima uwe wazi.

Upande wa chuku, exaggerate (g mbili, r moja) ndilo neno la kila siku. Overstate hufaa katika hoja rasmi, inflate kwa takwimu, embellish kwa hadithi iliyopambwa kwa mambo yasiyotokea. Hyperbole ni tamathali: msemaji hategemei kuaminiwa. Ukimtuhumu mtu kwa kupotosha, tumia exaggeration. Ukiandika hyperbole umemsamehe nusu. Hutamkwa kwa silabi nne, "hai-pa-bo-li", mkazo ukiwa kwenye "pa", na isichanganywe na hyperbola, ambayo ni mchoro wa hisabati. Over-exaggerate iepuke, kwa kuwa kuzidisha tayari kumo ndani ya exaggerate.

Kosa linalotupata sana sisi Waswahili ni la vihusishi, kwa sababu kumcheka, kumbeza na kumkejeli vyote humpokea mtendwa moja kwa moja. Kiingereza hakifuati hivyo. Laugh, jeer, scoff na sneer hudai at: "they laughed at him", "they laughed him" ni kosa. Mock, ridicule, deride na taunt hazitaki kihusishi: "they mocked him". Kuna pia "make fun of" na "poke fun at". Kwa nomino, andika a parody of, a travesty of, lakini a satire on. "Make a mockery of" haina maana ya kumcheka mtu. Ni kulifanya jambo lipoteze maana, kama ucheleweshaji unavyoweza "make a mockery of the rules". Na mock ikitangulia nomino, dhihaka hutoweka: "a mock trial" ni kesi ya mazoezi tu.